Muziki wa kumfariji aliyefiwa: anza na nyimbo ulizokulia

Ndugu yetu uliyeuliza, pole sana kwa msiba wa baba yako. Umeeleza kwamba tangu mlipoanua matanga usingizi hauji, na kwamba umejaribu ule muziki wa kinanda uliochanganywa na sauti za mvua ambao wengi huupendekeza, lakini unakuongezea upweke badala ya kukutuliza. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona nilipomuuguza mama yangu hapa Moshi, na ninayoendelea kuyaona katika kazi yangu ya ushonaji. Yote hayo yamenifanya niamini kwamba muziki unaomfariji mtu ni ule ambao tayari umo ndani yake, na kwamba hufariji zaidi anapouimba mwenyewe.

Mama alipatwa na kiharusi kilichompooza upande wa kulia na kumwondolea usemi. Alielewa kila tulichomwambia, lakini alipotaka maji alibaki akirudia silabi moja tu, hadi machozi yakamtoka kwa uchungu. Jioni moja wanawake wa jumuiya yetu walikuja kusali nyumbani, nao wakaanza, kama ilivyo desturi, kwa wimbo wa kitabuni ambao Walutheri wa huku mlimani huukariri tangu shule ya Jumapili. Mama akaimba nao. Hakufuatisha sauti tu, bali aliyatamka maneno ya ubeti mzima, yeye ambaye mchana huo alishindwa kulitaja jina langu. Sote tulinyamaza, naye akaendelea peke yake hadi mwisho wa kiitikio.

Baadaye nilijifunza kwamba jambo hilo linajulikana vizuri katika tiba. Kwa watu wengi usemi hutegemea hasa upande wa kushoto wa ubongo, ilhali uimbaji huutumia pia upande wa kulia, kwa hiyo aliyejeruhiwa kushoto anaweza kupoteza mazungumzo na bado akabaki na nyimbo zake. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm, walieleza njia ya kuwafundisha wagonjwa wa aina hiyo kuzitamka sentensi fupi kwa kuziimba. Katika njia hiyo mgonjwa huimba huku mkono wake wa kushoto ukigongagonga kwa kila silabi. Nasi tulimwimbisha mama maneno ya mahitaji yake ya kila siku kwa namna hiyo, na baadhi yake yalimrudia. Sisemi kwamba nyimbo zilimponya. Ninachosema ni kwamba saa alizokuwa akiimba zilikuwa saa pekee ambazo hasira na aibu ya kutosikika vilimwacha, na sisi tuliomuuguza tulipata nguvu ya kuamka tena kesho yake.

Ndiyo maana nadhani ule muziki wa kinanda na mvua haukufai kwa sasa. Umetengenezwa usimkumbushe mtu chochote, nawe wakati huu unahitaji kukumbuka. Jiulize baba yako alipenda kusikiliza nini, aliimba nini alipokuwa akinyoa ndevu au akipalilia migomba, kisha anzia hapo hata kama wimbo wa kwanza utakuliza. Machozi hayo yasikutishe. Tangu miaka ya 1940 daktari wa akili Ira Altshuler alifundisha kwamba mgonjwa apigiwe kwanza muziki unaofanana na hali aliyo nayo, kisha asogezwe polepole kuelekea hali inayotakiwa, kwa sababu moyo wenye majonzi hukataa kuburutwa moja kwa moja hadi kwenye furaha.

Wanamuziki wetu wa dansi waliijua njia hiyo pasipo kuisoma popote. Zisikilize nyimbo za bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, au zile za marehemu Mbaraka Mwinshehe. Mara nyingi sehemu ya kwanza huenda taratibu, mwimbaji akieleza mkasa wake, kisha magitaa yanakolea, ala za kupuliza zinajibizana, na wimbo unaingia kwenye chemko, yaani ile sehemu ya mwisho iliyochangamka ya kuchezea. Msimu wa kushona sare za shule unapotulazimisha kufanya kazi hadi usiku, hakuna kinachotusaidia karakanani kama nyimbo hizo. Fundi aliyeingia na huzuni zake anasikilizwa kwanza, halafu ananyanyuliwa, na bila yeye kutambua mguu wake unakwenda na mapigo ya cherehani. (Ningefurahi sana kama redio zetu zingezipiga hadi mwisho, kwa maana kuukata wimbo kabla ya chemko ni kumwacha msikilizaji katikati ya simulizi.)

Kuhusu usingizi nina ushauri mmoja zaidi. Luciano Bernardi na wenzake wa Pavia, Italia, walichapisha mwaka 2006 utafiti uliopima mapigo ya moyo, pumzi na shinikizo la damu la watu waliokuwa wakisikiliza muziki wa aina mbalimbali. Waligundua kwamba muziki wa kasi uliviongeza vipimo hivyo, na kwamba kimya cha dakika 2 kilichowekwa katikati kiliutuliza mwili kuliko hata muziki wa taratibu. Kwa hiyo usiiache simu iendelee kupiga usiku kucha. Chagua nyimbo chache, za mwisho zikiwa za taratibu, kisha zima na ulale katika kimya kinachofuata. Usingizi ukiendelea kukosekana kwa wiki kadhaa, tafadhali mwone daktari.

Tena, ukiweza, nenda kwenye mazoezi ya kwaya ya karibu nawe, hata kama husali sana na hata kama sauti yako haivutii. Ukiimba sauti ya besi katikati ya watu kumi, unalazimika kuvuta pumzi pamoja nao na kuishusha pamoja nao, nawe kwa kitambo hicho huwezi kuwa peke yako.

Ukituandikia hapa nyimbo ambazo marehemu alizipenda, hata kama unakumbuka maneno machache tu ya kiitikio, wapo wanachama wanaotunza kanda za zamani, na naamini watakusaidia kuzipata.