Hiyo si picha ya brashi, ni chapa ya mbao

Uliyeuliza kama ile picha ya fataki usiku juu ya mto imechorwa kwa brashi: hapana. Ni chapa ya mbao ya Hiroshige, msanii wa Japani, ya mwaka 1858, mwaka aliofariki. Daraja lililo pichani ni Ryōgoku, mto ni Sumida, na mji ni Edo, ambao leo ndio Tokyo. Hiroshige alichora mchoro tu. Fundi mwingine alichonga mbao za mcheri, kila rangi na ubao wake, na wa tatu akapiga chapa kwa mkono.

Angalia vizuri anga: weusi wa juu unafifia kidogo kidogo. Hapo mpiga chapa alilowesha ubao na kupaka rangi nzito upande mmoja, nyepesi upande wa pili. Akachapa karatasi moja, akapaka upya kwa ya pili. Ndiyo maana nakala hazifanani, na anayekuambia yake ndiyo "halisi" kuliko zote mwache aendelee tu.

Ile mashua yenye paa pichani ilikuwa ya kukodi. Joto la kiangazi likizidi watu walikwenda mtoni kupunga upepo, wakila na kunywa, na fataki ikipasuka wanapiga kelele "Tamaya!" au "Kagiya!", majina ya watengeneza fataki wawili mahasimu. Tamaya alifukuzwa mjini mwaka 1843 baada ya kusababisha moto. Watu hawakujali, waliendelea kumwita.