Star Wars: tuanze na ipi?

Swali: Star Wars inarudi sinema na wanangu hawajaona hata moja. Tufuate namba za sehemu au miaka ya kutoka?

Jibu: Miaka. Anzeni na ya 1977, kisha 1980 na 1983, ndipo mrudi kwenye zile za 1999, 2002 na 2005. Mkianza na Sehemu ya Kwanza, yaani ya 1999, siri kubwa ya ile ya 1980 (hatuitaji, watoto wasije wakasoma) inavuja mapema na utamu wote unakwisha.

Tena, nakala nyingi za sasa za filamu ya 1977 zina mabadiliko yaliyofanywa mwaka 1997: kule baa, Greedo, mwindaji anayemsaka shujaa Han Solo, naye anaonekana akifyatua bunduki. Shabiki wa zamani akishikilia kwamba pale baa aliyefyatua ni Han peke yake, msimbishie: mwaka 1977 Greedo hakufyatua kabisa.