Taya kulia "ko" na sikio kuuma: kabla hujakubali kusagwa meno

Mkuu, umesema taya linalia kila ukipiga mwayo, sikio linauma ila daktari wa masikio hakuona kitu, na sasa unaambiwa meno yasagwe kidogo "yakutane vizuri". Subiri kwanza. Mimi tatizo hili nimeishi nalo miaka.

Weka vidole mbele kidogo ya masikio, ufungue na kufunga mdomo. Hapo panapocheza ndipo kilipo kiungo cha taya, ndiyo maana wengi tunalilaumu sikio. Ndani yake kuna kisahani cha gegedu. Kikiteleza mbele, taya likifunguka hukidaka tena, na ndiyo hiyo "ko". Mlio bila maumivu hauhitaji tiba. Wanao watu chungu nzima. Shida ni maumivu, au mdomo kugoma kufunguka. Kwa kawaida vidole vitatu vya mtu mzima, kimoja juu ya kingine, hupita kati ya meno ya mbele. Kama hata viwili vinakwama, usikae nyumbani.

Tatizo langu lilikuwa la misuli zaidi: naamka mashavu mazito, mapanja yanagonga. Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya misuli na viungo) aliingiza kidole chenye glovu ndani ya shavu, akabonyeza fundo moja, na maumivu yakaruka moja kwa moja hadi sikioni. Machozi yalinitoka, lakini nikaamini sikio halina kosa.

Akanieleza kwamba meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana ila unapotafuna au kumeza. Midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi umetulia kwenye kaakaa. Nilimwona ananitania. Kumbe nikiandika meseji kwa hasira nimeyabana, nikiwa kwenye foleni nimeyabana! Nikabandika kikaratasi chekundu pembeni ya kompyuta. Kila nikikiona naachia taya. Ukiongeza kitambaa cha moto jioni, chakula laini kwa muda, kuacha jojo na kung'ata kucha, na mazoezi ya taya aliyonipa, maumivu yalipungua polepole, kwa wiki kadhaa.

Kile kifaa cha plastiki cha kuvaa kwenye meno usiku ninacho. Kinalinda meno yasilike kwa wanaosaga usingizini, ila kwa maumivu usikitegemee sana. Mwongozo uliotoka kwenye BMJ, jarida la udaktari la Uingereza, mwaka 2023 unatanguliza mazoezi yanayosimamiwa, kukanda misuli na tiba ya kisaikolojia ya kubadili mazoea, na unapinga waziwazi upasuaji wa kutoa kisahani.

Wazo la kulaumu mpangilio wa meno lina umri. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio Marekani, aliyahusisha maumivu haya na meno yaliyong'oka, na watu wakarekebishwa meno miaka na miaka. Jino likishasagwa halioti tena, kwa hiyo muulize huyo anayetaka kukusaga meno: nisipopona, unalirudishaje? Taya likijifunga kabisa, kuna hatua ya kuosha kiungo kwa sindano kabla ya kufikiria kisu.

Mwenye miaka zaidi ya 50 ambaye taya linamchoka akitafuna, na kichwa kimeanza kuuma au macho yanafifia, aende hospitali siku hiyohiyo, maana huo unaweza kuwa ugonjwa wa kuvimba kuta za mishipa ya damu ya kichwani, na unaweza kupofusha. Na taya linalouma pamoja na kifua kubana linaweza kuwa suala la moyo: kimbilia hospitali, usisubiri majibu ya uzi huu.