Jibu: Magimbi ya mapambo yanaoza besimenti kila winta, nakosea wapi?

Mkuu umesema magimbi yako ya mapambo, haya ambayo wazungu wanayaita masikio ya tembo, yameoza besimenti winta ya pili mfululizo, na uko Minnesota. Mi niko Columbus, Ohio, huu ni mwaka wa 7 nayapanda na msimu uliopita jani moja lilimfunika mwanangu wa darasa la kwanza mzima mzima, kwa hiyo ngoja nikwambie nilivyoharibu mpaka nikajua.

Mwaka wa kwanza nilifanya kama wewe tu. Nikachimba, nikayaosha kwa mpira wa maji mpaka yakang'aa kama ya kupeleka sokoni, nikafunga kwenye mifuko ya plastiki nikatupia besimenti. Januari nashuka kufua nguo nakuta harufu, nikajua tu panya kafia nyuma ya mashine, nimemtafuta huyo panya siku mbili. Kumbe magimbi. Ukiligusa kidole kinazama. Nikalaumu baridi, lakini besimenti haikuwa na kosa, kilichoyaua ni maji, yaani nimechimba kitu kibichi nikakiosha halafu nikakifungia na jasho lake.

Sasa hivi sioshi kabisa. Huku kwetu ile barafu nyembamba ya alfajiri inaanza kama katikati ya Oktoba, kwenu lazima itangulie, sasa ikipiga mara moja majani yanakuwa meusi na kulala, usipanik, gimbi lenyewe chini bado liko salama ili mradi udongo haujaganda. Nakata mabua nabakiza kama sentimita 10 au 15, nachimba kwa mbali kuzunguka shina nisilichome (kidonda ndo mlango wa kuoza), nakung'uta udongo kwa mkono basi. Halafu nayatandaza gereji juu ya magazeti wiki nzima, hata siku 10, hayajagusana, mpaka ngozi ikauke na pale nilipokata pafunge. Hapo ndo wengi wanakimbilia kufungasha na hapo ndo yanapofia. Yakikauka naweka kwenye boksi la kawaida na maranda ya mbao makavu, yale wanayouza ya kutandikia sungura, napanga moja moja yasigusane, sifungi boksi kwa gundi.

Joto liwe kati ya nyuzi 45 na 55 za Fahrenheit, kwa Selsiasi ni kama 7 mpaka 13. Nunua kipimajoto cha dola chache uweke hapo hapo juu ya boksi maana besimenti moja inaweza kuwa na joto tofauti, karibu na hita kwangu ni nyuzi 65 na huko yanaamka Desemba yanatoa vimacho vyeupe kabla ya wakati. Mara moja kwa mwezi nafungua napapasa. Likilainika sehemu nakata mpaka nione nyama safi, naliacha likauke upya, likinywea sana kama tangawizi ya mwezi uliopita nanyunyizia maji kidogo sana kwenye maranda.

Lakini kabla ya yote hayo mkuu, una uhakika ulicho nacho ni gimbi? Maana madukani vitu tofauti vinauzwa kwa jina hilo hilo moja. Kolokasia, yaani ndugu wa gimbi letu la kula, mara nyingi ncha ya jani inaning'inia chini na inapenda maji hata ukiipanda kwenye tope. Alokasia ncha yake mara nyingi inatazama juu, na yenyewe haipendi kukaa kwenye maji wala haipendi kulazwa kavu kwenye boksi kama mwenzake. Hiyo mi naingiza ndani na chungu chake kabla usiku haujashuka chini ya nyuzi 50, dirisha la kusini, maji kidogo tu, majani yakipukutika mawili matatu naacha. Shida yake ni utitiri kwa sababu hita inakausha hewa, kwa hiyo kila wiki nafuta majani juu na chini kwa kitambaa cha maji ya sabuni. Nilipoteza Alokasia mbili nzuri kwa kuzifanyia mambo ya gimbi, na lebo ya dukani ilikuwa imeandikwa masikio ya tembo tu.

Machi katikati natoa kwenye boksi napanda kwenye vyungu ndani, jicho juu, sehemu ya joto, maji kidogo mpaka lichipue. Nje ni baada ya Mother's Day (Jumapili ya pili ya Mei), kwenu subiri hata Juni ikifika sawa tu, udongo ukiwa wa baridi linakaa pale linakuangalia tu. Baada ya hapo ni maji na samadi ya kuku iliyooza vizuri, Julai namwagilia kila siku. Gimbi lililotunzwa huwa linarudi kubwa kuliko la mwaka jana, ndo maana usumbufu wote huu.

Bi mkubwa wangu kule Moshi nilipomtumia picha alicheka mpaka simu ikamdondoka, kwao magimbi yanajiotea kandokando ya mfongo (mfereji wa kumwagilia) kihambani, yaani shambani kwao nyumbani, ye anauliza sasa mwanangu mnayachemsha lini? Nikamwambia haya ni ya kuangalia mama. Akakata simu.

Na vaa glavu ukiwa unakata mabua, ule utomvu unawasha na unaacha madoa kwenye nguo, ukiwa na mtoto mdogo au mbwa usimwache atafune.

Ila usichimbe bado, tuma picha ya jani zima likiwa kwenye bua nione ncha inaangalia wapi.