Mgongo wa Mama na Sindano ya Simenti

SWALI: Sista, shikamoo. Mamangu ana miaka 58, alitibiwa saratani ya titi mwaka 2021. Tangu Ramadhani kiuno na mgongo vinamuuma, na picha imeonyesha saratani imeingia mifupani. Zamani nazi zote za mahamri hukuna yeye. Sasa akikaa kwenye mbuzi dakika mbili jasho linamtoka mpaka alazwe, na tukikuna sisi asema tui jepesi. Panadol hazifui dafu. Mofini aikataa, ati ni dawa ya wanaokufa. Jirani atwambia kuna sindano ya simenti, mtu huamka kesho yake mzima. Ni kweli?
Mwana wa Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Simenti ipo. Wafaransa waliianza mwaka 1984 kule Amiens, kwenye pingili ya shingo. Ila jirani ametia chumvi: haiponyi saratani, hushika mfupa uliovunjika.

Hiyo habari ya mbuzi ndiyo iliyonishtua. Miaka 21 nimelaza watu kwenye meza ya CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, hapa Mombasa, na jambo moja nililijua kwa aibu. Mzee mmoja nilimwambia, "Geuka upesi, baba, foleni ndefu." Alipiga ukelele ambao hadi leo nausikia. Pingili yake ilikuwa kama biskuti iliyolowa chai. Basi maumivu yanayokuja mtu akikaa au akiinuka, yakatulia akilala, mara nyingi ni mfupa uliobonyea. Huyo ndiye wa kuuliziwa simenti. Mgonjwa hulala kifudifudi, hutiwa ganzi au usingizi mwepesi, daktari akapitisha sindano nene huku akiitazama kwenye eksirei, kisha akasukuma simenti nzito kama dawa ya meno. Hukauka kwa dakika chache tu. Wengi hupata nafuu ndani ya siku 1 hadi 3. Lakini huweza kuvuja ikabana neva au ikafika mapafuni, kwa hivyo daktari akisema haimfai, msimwone mchoyo.

Yakiwa ni maumivu ya usiku, yanayomwamsha naye ametulia kitandani, huenda uvimbe wenyewe ndio unaokera. Hapo kuna sindano ya kuuchoma kwa joto la mawimbi ya redio, au ya kuugandisha kwa gesi ya argoni. Ya kugandisha hunipendeza kwa sababu donge la barafu laonekana kwenye CT, daktari ajua limefika wapi. Pengine huchoma kwanza, kisha hutia simenti. Hizi hufaa pale anapoweza kuonyesha kwa kidole kimoja panapouma. Saratani ikitapakaa mifupa mingi, utachoma wapi uache wapi?

Mimi ningeanza kwa kuuliza mionzi. Kwa maumivu ya mfupa, dozi moja ya gray 8 (gray ni kipimo cha mionzi) hutuliza sawa na kwenda siku nyingi, nanyi mtaokoa nauli. Mwambieni mapema kwamba siku za mwanzo yaweza kuuma zaidi, na nafuu huenda ikachukua hata wiki 4. Pia ulizeni dripu ya kuimarisha mifupa. Meno yaangaliwe kabla. Na kabla ya kukubali sindano yoyote ile, SHA, bima ya afya ya serikali, italipa kiasi gani?

Sasa mofini. Nimeona watu wakiinywa miezi mingi, wakienda harusini na kugombana na wakwe. Apewe sasa, wakati mengine yakisubiriwa, pamoja na dawa ya kulainisha choo, maana hufunga tumbo vibaya. Akiwakatalia nyinyi, mpelekeni Coast Hospice, kituo cha kutuliza maumivu ya wagonjwa, azungumze nao mwenyewe. Huwa twasikia ya mgeni kuliko ya mwana.

Lakini miguu ikilegea, au akihisi ganzi pale anapokalia, au mkojo ukimshinda kuutoa au kuuzuia, hiyo ni neva inabanwa. Msingoje asubuhi wala kliniki ya Jumatatu. Feri ya Likoni huvuka usiku kucha. Mchukueni amelala, mgongo umenyooka, na mkifika semeni kwanza "ana saratani mifupani" ndipo mseme "mgongo wamuuma".

Na mbuzi mfungieni stoo hadi pingili ipimwe, hata tui likiwa maji matupu.