Mtori wa mama ni mtamu, lakini mkeo hana kosa

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 39, mzaliwa wa Kibosho, Kilimanjaro, naishi Kimara, Dar es Salaam. Mke wangu ni mtu wa Lindi, tuna watoto wawili. Shida yangu ni chakula. Nikienda kwa mama nakula vyakula vyetu vya ndizi, machalari, kiburu na mtori, nakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, nalala usingizi wa mtoto. Nikirudi Dar nakuta ndizi za nazi. Nimemweleza mke wangu kwa upole mara nyingi, hasikii. Sasa naenda nyumbani mara nne kwa mwaka, peke yangu, maana nauli ya watu wanne ni kubwa. Mke kanuna, analala chumba cha watoto. Cha ajabu yeye na mama hawana ugomvi, kila Jumapili wanapigiana simu, hata sijui wanaongea nini. Nifanyeje ili abadilike?*

Marahaba, mwanangu. Mtu aliyekulia kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, ndizi ikakatwa asubuhi na mchana ikawa chunguni, hasahau utamu ule. Ndizi ya sokoni Dar imeshapanda lori na kushuka, imelala magunia siku kadhaa. Haiwezi kuwa ileile hata aipike nani. Kwa hilo nakupa pole.

Ila barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye neno "upole" nasimama. Mwanamke hahami kitanda kwa sababu ya neno la upole. Mimi nahisi ulisema mbele ya watu, tena pengine mbele ya ndugu zako waliokuja kula kwake, na sahani ukaisukuma. Kama nimekosea, muulize yeye siku aliyoanza kununa ilikuwa siku gani. Ataitaja.

Na hiyo nauli. Unaenda mara nne, peke yako. Safari nne za mtu mmoja ni nauli ileile ya safari moja ya watu wanne. Kwa hiyo fedha ipo, mwanangu. Usichotaka ni kwenda nao, kwa sababu ukifika na mke na watoto wewe ni baba, na ukifika peke yako wewe ni mtoto wa mama, unatengewa maji ya kuoga.

Sasa tumzungumzie huyo mama. Umeniandikia alichokupikia, hukuniandikia alivyokipata. Mbege haipikwi siku moja. Ndizi ziivishwe, zichemshwe, zikae siku kadhaa. Ulezi uoteshwe, ukaushwe, usagwe. Maana yake mama yako alianza kazi kabla wewe hujakata tiketi. Maziwa unayokunywa yametoka kwa ng'ombe wa zizini, asiyetoka kwenda malishoni. Kila jani analokula limebebwa na mtu kichwani. Nani analibeba? Na nyama ya machalari ilinunuliwa kwa fedha gani?

Nakuuliza kwa sababu na mimi ni mama. Nina kijana wangu Mwanza. Akisema anakuja, jogoo namtenga miezi mitatu kabla, haguswi hata nikiwa na hamu ya nyama. Akishaondoka narudia ugali wangu na mlenda, na kwenye simu namwambia nimeshiba. Akina mama ndivyo tulivyo. Basi uliza mama yako anakula nini Jumanne ya kawaida, wewe ukiwa Kimara. Nadhani mkeo anajua, maana yeye ndiye anayepiga simu kila Jumapili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe umekuwa mgeni kwenu miaka yote hiyo na jembe hujapewa.

Nije kwa mkeo. Pwani ndizi hupikwa kwa nazi, ndivyo mama yake alivyompikia, na huo ndio utamu wa kwao. Umewahi kujiuliza yeye anakumbuka nini akilala njaa ya nyumbani? Ametoka Lindi, kwa samaki na tui zito, na akakubali kukununulia ndizi wewe Mchaga. Je, wewe umewahi kumenya mkungu wa mshare, hizo ndizi za kupika? Utomvu unashika vidole, ukikauka unakuwa mweusi, sabuni haiutoi. Ngozi ya kidole gumba inabaki na madoa siku mbili. Mke wako anamenya hizo ndizi jioni, katoka kazini au sokoni, watoto wanalia, na wewe unaangalia sahani unasema si kama za mama.

Ndoa za siku hizi zinanitia simanzi. Vijana wengi wanaoa wakitafuta mama wa pili, na wasichana wengi wanaolewa wakitafuta baba wa kuwalipia kila kitu, halafu watoto wawili wakubwa wanakaa nyumba moja kila mmoja akisubiri kulelewa. Zamani mume alionja chakula cha mkewe akanyamaza mwaka mzima mpaka mikono yao ikazoeana. Leo mtu anapiga picha sahani ya kwao anamtumia mkewe ili aumie. Sijui kama wewe umefanya hivyo. Kama umefanya, ifute.

Desemba hii nendeni wote wanne. Safari za peke yako zisimame. Peleka mchele, sukari na fedha ya nyama mkononi kwa mama, siku ya kwanza, kabla hajakopa. Mkeo naye abebe nazi zake, apike siku moja, na wewe uwe wa kwanza kuomba kuongezwa. Kumenya ndizi iwe kazi yako. Paka mafuta mikononi kwanza.

Na jambo la mwisho wewe unalijua kuliko mimi. Kwenu anayeomba radhi hupeleka jani la sale, na sale imepandwa mpakani mwa kihamba cha mama yako. Kata jani moja, umpe mkeo mbele ya ndugu walewale. Akiuliza maana yake, mwachie mama amweleze.