Kabla ya Kutweka Tanga Juu ya Ziwa Lililoganda

Kwa misimu kadhaa niliamini kwamba mwendesha mashua ya barafu, yaani chombo cha tanga kinachoteleza juu ya ziwa lililoganda, ana swali moja tu la kujiuliza baridi inapoanza, nalo ni barafu ina unene wa sentimita ngapi. Nilibadili mawazo asubuhi moja nikiwa na mtaimbo mkononi, mita mia nne hivi kutoka ufukoni. Pale nilipoiacha mashua nilikuwa nimetoboa matundu matatu, na kila tundu lilinipa sentimita 11 za barafu nyeusi, yaani ile angavu kama kioo inayoonyesha giza la maji chini yake, safi, isiyo na theluji hata chembe. Nikaanza kutembea kuelekea katikati huku nikigonga mbele yangu kwa uvivu, kama mtu anayetimiza desturi. Mlio ulikuwa mzito na wa chini, pigo baada ya pigo, kisha pigo moja likalia kwa sauti nyembamba kama sahani inayopasuka, mtaimbo ukazama hadi karibu na mkono wangu, na maji yakatapakaa juu ya viatu. Rangi ya barafu haikuwa imebadilika hata kidogo. Kipande kilichovunjika kilikuwa na unene wa sentimita 3.

Nilirudi nyuma kwa kufuata nyayo zangu, nikakaa juu ya sanduku la vifaa mpaka mapigo ya moyo yalipotulia, kisha nikakumbuka kwamba siku mbili kabla ya hapo nililiona kundi kubwa la bata bukini likielea mahali hapohapo. Ndege wengi wakikusanyika huweza kuyazuia maji kuganda kwa joto la miili yao na kwa kuyachezesha kwa miguu usiku kucha. Walipoondoka, bwawa lao dogo lilifunga kwa usiku mmoja tulivu, likawa linafanana na ziwa lote lililobaki.

Tangu hapo swali langu la kwanza ni hili: kila sehemu ya ziwa iliganda lini? Unene ni jibu linalofuata baadaye. Maji huwa mazito zaidi yanapokuwa na nyuzi joto 4 za Selsiasi, kwa hiyo ziwa linapopoa, maji ya juu huzama na ya chini hupanda mpaka lote likaribie kiwango hicho, na ndipo tabaka la juu linapobaki pale juu, likapoa hadi sifuri na kuganda. Ghuba yenye kina cha mita mbili huimaliza safari hiyo mapema, ilhali kilindi cha ziwa hilohilo kinaweza kuchelewa kwa siku nyingi. Barafu ikishashika hukua haraka mwanzoni, kisha hupunguza mwendo, kwa sababu yenyewe hugeuka blanketi kati ya maji na hewa ya baridi. Ili unene uongezeke maradufu, jumla ya baridi inayohitajika ni takriban mara nne. Ndiyo maana katikati ya msimu tofauti ya siku mbili kati ya sehemu moja na nyingine si jambo kubwa, lakini katika wiki ya kwanza siku hizohizo mbili ndizo zinazotenganisha barafu ya kubeba mashua na barafu ya kumzamisha mtu.

Kwa sababu hiyo ukaguzi wangu huanza kabla hakujawa na barafu ya kukanyagwa. Jioni nikipata nafasi hupanda mahali palipoinuka nikiwa na darubini na kijitabu, nikachora ziwa na kuandika tarehe juu ya kila sehemu iliyofunga. Ghuba zilizokingwa na upepo hufunga kwanza. Sehemu pana zinazopigwa na upepo hubaki wazi hadi usiku wa kwanza ulio shwari wenye anga safi, na hapo zinaweza kufunga zote kwa mkupuo. Ugumu ni kwamba kwa mbali barafu nyeusi ya usiku mmoja hufanana sana na maji yaliyotulia. Mimi husubiri upepo mdogo uvume, kwa kuwa maji yatatikisika na barafu haitatikisika. Halafu asubuhi hutafuta mvuke unaofuka juu ya maji yaliyo wazi, pamoja na chembe nyeupe za umande ulioganda, ambazo kwa kawaida huwa zimetanda zaidi juu ya barafu iliyotangulia. Ziwa likiwa kubwa, picha za setilaiti za Sentinel-2, zinazopatikana bure na zinazoonyesha ardhi kwa vipimo vya mita 10, husaidia sana anga isipokuwa na mawingu. Hata hivyo picha ya juzi ni ya juzi, na haionyeshi unene wowote.

Ramani hiyo ya tarehe huiongezea sehemu ambazo sitaziamini hata tarehe iwe nzuri kiasi gani: mto unapoingia na unapotokea, mikondo myembamba kati ya visiwa na nchi kavu, chemchemi za chini, chini ya madaraja, kandokando ya gati na nguzo zake, na kwenye matete, ambako mimea inayooza hutoa joto kidogo na viputo vya gesi. Viputo hivyo vikipanda mahali pamoja kwa muda mrefu hula barafu kutoka chini na kuacha tundu la duara ambalo usiku hufunikwa na ngozi nyembamba. Pia nayachunguza matuta ya barafu, yale yanayoinuka pale mapande mawili yanaposukumana, hasa kati ya rasi moja na nyingine. Mbele na nyuma ya tuta mara nyingi pana maji yaliyofichika.

Theluji ikianguka juu ya barafu changa, mimi huahirisha, na kuhusu hili wenzangu huniona mkali kupita kiasi. Theluji ni blanketi linalozuia barafu isikue, na wakati huohuo ni pazia linalofuta kila alama nilizozitaja hapo juu. Ikiwa nzito huikandamiza barafu hadi maji yapande kupitia nyufa, yakachanganyika na theluji hiyo na kuganda kuwa barafu nyeupe. Miongozo ya usalama huihesabu barafu nyeupe kuwa na nusu tu ya nguvu ya ile nyeusi yenye unene sawa, nami huihesabu hivyohivyo.

Siku ya kukanyaga siendi peke yangu. Tunakuwa wawili au watatu, tukiachana mita kumi au zaidi, kila mmoja akiwa amevaa jaketi la kuokolea maisha, kucha za chuma chini ya viatu, filimbi shingoni, na pini mbili za chuma zenye mishiko zikining'inia kifuani mahali ambapo mkono ulioganda utazifikia. Kila mmoja hubeba kamba ya kurusha ya mita 15 hadi 20, na nguo kavu hubaki ufukoni ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Mtaimbo ndio jicho langu. Huugonga mbele yangu kila hatua mbili, kwa nguvu ileile kila mara, kwa sababu pigo lisilo sawa halina habari ya kukupa. Mwanzoni, karibu na ufuko, hugonga mpaka utoboe, nikahesabu mapigo, kisha nikapima tundu kwa rula yenye ndoano ya kunasa ukingo wa chini. Baada ya matundu manne au matano najua mtaimbo wangu unahitaji mapigo mangapi kwa kila unene wa siku hiyo, na kuanzia hapo ukipenya kwa pigo moja narudi nilikotoka bila kujadiliana na mtu. Ufunge mtaimbo kwenye kifundo cha mkono kwa kitanzi cha kamba. Mmoja wangu mzuri sana uko chini ya ziwa hadi leo, ulipita kwenye tundu nililolitoboa mwenyewe.

Kwa kipimo cha uhakika hutumia keekee ya betri yenye msumari mrefu, nikitoboa kila baada ya mita hamsini hivi na kila ninapovuka mpaka wa tarehe kwenye ramani. Tundu lenyewe lina habari nyingine. Barafu huelea, kwa hiyo maji yanatakiwa kupanda ndani ya tundu yakasimama chini kidogo ya uso; yakifurika na kutanda juu, barafu hiyo imelemewa. Kwenye barafu nyeusi waweza pia kukisia unene kwa kuangalia nyufa kavu zilizosimama wima, ambazo huonekana kama pazia jeupe ndani ya kioo. Mwanga unapopinda huufanya ufa uonekane mfupi, kama robo tatu tu ya urefu wake wa kweli, na hilo ni kosa la upande salama. Ufa unaotoa maji ni habari tofauti kabisa: hapo sikai.

Sasa viwango. Miongozo mingi hutaka angalau sentimita 10 za barafu safi na ngumu kwa mtu anayetembea. Kwa mashua ndogo ya mtu mmoja, kama zile za aina ya DN (kifupi cha jina la gazeti la Detroit News) zilizobuniwa Detroit, Marekani, katika msimu wa baridi wa 1936 na 1937, mimi sitweki tanga chini ya sentimita 13 kwenye sehemu iliyo nyembamba kuliko zote katika njia nitakayopita. Nasisitiza sehemu nyembamba, kwa kuwa wastani haujawahi kumbeba mtu. Mashua kubwa zinahitaji zaidi. Zikikusanyika mashua sita mahali pamoja wenyewe wakipiga soga, barafu iliyomudu kila moja peke yake huanza kubonyea, kwa hiyo tunaegesha kwa kuachana.

Kuna jambo ambalo anayetembea halihisi. Kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, ambayo kwa mashua hizi si kasi ya kujivunia, unapita takriban mita 17 kila sekunde. Ukiona doa jeusi mbele, umeshafika. Huwezi kuisoma barafu ukiwa umeketi kwenye mashua, na kwa sababu hiyo eneo lote tutakaloendesha hutembelewa kwa miguu kwanza, mipaka ikawekewa vijiti vyenye vitambaa vya rangi kali, na kila nahodha akaonyeshwa ramani kabla hajavaa kofia ngumu.

Ukitumbukia, dakika ya kwanza ni ya kuituliza pumzi, kwani mshtuko wa baridi hukufanya uheme hovyo na kumeza maji. Baada ya hapo una kama dakika kumi ambazo mikono na miguu bado vitakutii. Geukia ulikotoka, maana barafu ya huko ilikubeba, chomeka pini zako, piga miguu mpaka mwili ulale sambamba na maji, jivute, kisha ubingirike mbali bila kusimama.

Mchana hurudia ukaguzi kwenye kipande kifupi ambacho wengi hukisahau, yaani mita chache za mwisho kuelekea nchi kavu. Mawe meusi na mchanga hupata joto la jua, na ukingo uliotubeba saa tatu asubuhi unaweza kuwa umeachana na ufuko kufikia saa nane. Kwa hiyo tanga hushushwa tukiwa bado mbali, mmoja wetu akatangulia na mtaimbo, na mashua husukumwa kwa mkono moja moja mpaka ya mwisho itoke.